Kuchora Ili Ufikiri: Mwongozo kwa Anayeanza Utafiti wa Sanaa na Ubunifu

Kila muhula wanafunzi wanaoanza utafiti wa sanaa, usanifu majengo au ubunifu wa vitambaa huniuliza maswali yale yale. "Mimi sijui kuchora, nitafanyaje?" "Nichore nini hasa?" "Msimamizi atakubali kwamba michoro nayo ni utafiti?" Nimeyajibu kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, mpaka nimeona heri niyaandike ili kila anayeanza ayakute mahali pamoja.

Mchoro ninaouzungumzia si wa kutundika ukutani. Ni mchoro wa kazi: unachora kwa sababu kuna jambo hulijui, na unapoinua kalamu unalijua zaidi kidogo. Mwaka 1837 Charles Darwin alichora daftarini mwake kijiti cha mistari michache chenye matawi, baadhi yakiwa na herufi A, B, C na D, na juu ya ukurasa akaandika neno lenye maana ya "Nafikiri". Kitabu chake kuhusu asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859, miaka 22 baadaye. Ukikitazama kijiti kile, hakina uzuri wowote, na Darwin mwenyewe alisikitika uzeeni kwamba hakuwahi kujua kuchora. Hata hivyo wazo la viumbe kutokana na shina moja lilikuwa limeshatua pale, kwa mistari ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kuichora. Kwa hiyo swali la kwanza naliweka kando: kama unaweza kuandika jina lako, unaweza kufanya kazi hii.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Unguja. Ni kitu ambacho wengi wamekipita mara mia wakidhani wanakijua. Kama unatafiti kanga, ukili, ngalawa au vibanda vya sokoni, hatua ni hizi hizi.

Kabla hujaanza, kuwa na vitu hivi

Daftari lisilo na mistari, ukubwa wa A5, jalada gumu ili uweze kuchora umesimama. Usinunue la bei kubwa, kwa sababu daftari la thamani hutia woga, na mwenye woga huchora kile anachokijua tayari.

Penseli moja ya 2B na kalamu moja ya wino mweusi. Kalamu ya rangi nyekundu pia, kazi yake utaiona hatua ya tano.

Futi ya fundi seremala, ile ya kujikunja. Kama huna, pima kwa shubiri na uandike kwamba umepima kwa shubiri.

Karatasi chache za A4, na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga ya kufuatishia mchoro ulio chini yake. Ikikosekana dukani, karatasi ya kuokea keki inatosha.

Ufutio uache nyumbani. Nitaeleza kwa nini.

Mwisho ni muda: saa mbili kwa kikao kimoja, si dakika kumi za kupita njia.

Hatua

1. Andika swali juu ya ukurasa kabla ya mstari wa kwanza.

Liwe swali linalouliza namna au sababu, na liwe dogo. "Milango ya Mji Mkongwe" ni mada, si swali, na ukikaa na mada utachora mlango mzuri usiokuambia lolote. "Mlango huu unafungukaje?" ni swali. "Fundi alianzia wapi kuchonga maua haya?" ni swali. "Kwa nini kizingiti cha juu cha mlango huu kimenyooka na cha jirani kina tao?" nalo ni swali, na linaweza kukupeleka mbali, maana milango ya tao iliongezeka Unguja mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na nakshi zenye athari za Kihindi.

Angalizo: usiandike maswali matatu kwenye ukurasa mmoja. Mkono haujui kutumikia mabwana watatu.

2. Chora kwa kumbukumbu, ukiwa nyumbani.

Jipe dakika tano. Chora mlango unaodhani unaujua, bila picha na bila simu. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu matokeo yake yanaaibisha. Naomba usiiruke. Pale penseli inaposita ndipo ujinga wako ulipo, na ukishapaona una kazi ya kwenda kuifanya. Utakuta umechora fremu, mabawa mawili na misumari ya shaba, kisha katikati, pale mabawa yanapokutana, umepitisha mstari mmoja tu na kuendelea. Zungushia duara mahali hapo. Kesho utaanzia hapo.

3. Nenda, piga hodi, salimia, kisha kaa.

Mlango ni wa nyumba ya mtu. Kama kuna mzee barazani, mpe shikamoo yake, jitambulishe, mwambie unachokichora na kwa nini, na omba ruhusa. Ukikataliwa, shukuru uende kwa mwingine.

Ukishakaa, anza na dakika mbili za kuchora bila kuitazama karatasi. Macho yatambae juu ya ukingo wa mlango polepole kama sisimizi, na penseli itembee kwa mwendo ule ule. Mchoro utatoka umepinda. Uache ulivyo. Kazi yake ilikuwa kuyapunguzia macho haraka.

Kisha chora kawaida kwa muda wa dakika ishirini. Anza na mwili wa kitu: miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu na cha chini, mabawa mawili, na ule mti wa katikati unaoitwa mfaa. Nakshi ziache mpaka mwisho, na hata hapo chora ua moja kwa ukamilifu, mengine yawekee duara tupu na idadi yake.

Jambo moja nimelishuhudia mara nyingi kiasi kwamba sasa nalitegemea. Ukiinua kamera, watu hukukwepa au hujipanga. Ukikaa na daftari, hukujia. Mtoto atasimama nyuma yako, kisha mama mtu, kisha mwenye nyumba mwenyewe, ataweka kidole juu ya karatasi na kusema, "La, mwanangu, hapa umekosea." Wakati huo ndio wenye faida kuliko yote ya siku hiyo. Mpe kalamu. Mwache arekebishe kwenye ukurasa wako. Mzee mmoja alinichorea kwa mistari minne namna komeo la nyumba yake lilivyokuwa kabla halijang'olewa, jambo ambalo nisingelipata kwa maswali ya mdomo, kwa kuwa nisingejua kwamba kuna komeo la kuuliziwa.

Angalizo: picha ya simu piga ukishamaliza kuchora, si kabla. Ukiipiga mwanzo, macho yanastarehe, yakijua yatakuja kuangalia baadaye, na hayaangalii.

4. Chora upande usioweza kuuona.

Hapa ndipo kuchora kunapokuwa kufikiri hasa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fanya kana kwamba umeukata mlango kwa msumeno, usawa wa kiuno, ukauondoa upande wa juu, na sasa unautazama kutoka juu. Utaona miimo miwili, mmoja kila upande. Katikati kuna mabawa mawili membamba, ncha kwa ncha, na ufa kati yao. Mbele ya ufa, kwa upande wa nje, kuna kipande kidogo cha mraba: ndio mfaa.

Sasa karatasi inakuuliza jambo ambalo mchoro wa mbele haukuuliza. Mfaa umepigiliwa kwenye ubawa upi? Hauwezi kupigiliwa kwenye yote mawili, maana mlango usingefunguka kamwe. Nenda ukaangalie, kisha chora misumari upande unaohusika. Halafu weka mishale ya mwendo. Milango hii hufungukia ndani. Ubawa usio na mfaa unaingia ndani bila kizuizi, kwa sababu mfaa uko nje yake. Lakini ukijaribu kuanza na ubawa wenye mfaa, ule mti unagonga ubawa wa pili na kukwama.

Umeona kilichotokea? Kwa mistari isiyozidi kumi na miwili umegundua kwamba mlango una utaratibu: ubawa mmoja lazima utangulie. Na kuna la pili linalofuata: ukikaza kwa komeo ule ubawa unaotangulia peke yake, mlango wote umefungwa. Mfaa, ambao watalii huupiga picha kwa ajili ya nakshi zake, ni sehemu ya ulinzi wa nyumba. Hilo hukulisoma popote. Limetoka kwenye mchoro wako, na sasa unaweza kulipeleka kwa fundi seremala na kumuuliza kama ni kweli kwa milango yote au kwa huu tu.

Fanya vivyo hivyo kwa ubavu. Milango mingi ya zamani haina bawaba za chuma, ubawa huzunguka kwa ncha zake za juu na chini zilizoingia kwenye matundu. Chora tundu lile, hata kama hulioni lote, na utaanza kuelewa kwa nini mlango ulipaswa kuwekwa pamoja na fremu yake.

Angalizo: unapochora usichokiona, tumia mstari wa vipandevipande. Mstari mzima ubaki kwa ulichokiona kwa macho. Ukivichanganya leo, baada ya miezi sita hutavitenganisha.

5. Andika pembeni, kwa alama tatu.

Mchoro usio na maneno husahaulika. Kando ya kila sehemu yenye maana weka herufi kwa wino mwekundu: N kwa nilichokiona, A kwa nilichoambiwa, D kwa ninachodhani. "Mfaa umepigiliwa ubawa wa kushoto, N." "Mti ni msaji, A." "Mnyororo uliongezwa baadaye, D." Kwenye A andika nani amekuambia kwa cheo chake tu, mathalani "mwenye nyumba" au "fundi", isipokuwa kama amekuruhusu utaje jina.

Juu ya ukurasa weka tarehe, saa, mtaa na hali ya mwanga. Mwanga si mapambo: nakshi iliyochongwa kwa kina kidogo haionekani adhuhuri jua likiwa utosini, lakini saa kumi na moja jioni kivuli huichora chenyewe.

6. Usifute, wala usinakili upya kwa usafi.

Msanii William Kentridge wa Afrika Kusini ametengeneza filamu kwa mkaa na karatasi: anachora, anapiga picha, anafuta sehemu na kuchora juu yake, anapiga tena. Mkaa haufutiki wote, kwa hiyo kila umbo linatembea na kivuli cha lilipotoka. Nataka daftari lako liwe na tabia hiyo. Ukikosea, pitisha mstari mpya kando ya ule wa zamani, mzito zaidi. Kosa likibaki linakuonyesha ulidhani nini kabla hujajua.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilichora kizingiti cha mlango mmoja, kurasa nne zenye madoa ya jasho, na usiku nikazinakili vizuri kwenye karatasi nyeupe, kisha nikazitupa zile chafu. Niliporudi mlangoni baada ya wiki mbili niliona kwamba ua la kulia lina petali saba na la kushoto nane. Kwenye nakala yangu safi yote yalikuwa na nane. Mkono wangu, ukiwa nyumbani na taa nzuri, uliyasawazisha kwa kuwa ulipenda yalingane. Je, kurasa za kwanza zilikuwa na saba? Nilizitupa, kwa hiyo siwezi kujua niliona nini siku ile.

7. Badilisha kitu kimoja, mara sita.

Hatua hii naieleza kwa kanga kwa kuwa sehemu zake ni wazi: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kanga huwa na ukubwa wa karibu sentimita 150 kwa 110. Chora kwenye karatasi ya A4 mistatili sita ya sentimita 7.5 kwa 5.5, ili uwiano ubaki ule ule. Wa kwanza chora kanga uliyonayo. Wa pili ondoa jina. Wa tatu rudisha jina, punguza pindo liwe jembamba kama uzi. Wa nne acha mji mtupu. Wa tano hamisha jina liende juu. Wa sita ni wako.

Waonyeshe akina mama wanaouza au wanaovaa, uwaulize, "Hii bado ni kanga?" Majibu yao, na zaidi pale wanapobishana, ndiyo data yako. Kwa mlango tumia karatasi ya kufuatishia: weka mchoro wa mlango wa kizingiti kilichonyooka chini, fuatisha kila kitu isipokuwa kizingiti, weka tao, uone ni sehemu zipi nyingine zinalazimika kubadilika kulifuata.

Angalizo: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilicholeta tofauti.

8. Tandaza kila kitu sakafuni.

Ukifikisha michoro ishirini hivi, ipige picha na kuichapa, au ichane kama moyo unakuruhusu, uitandaze chini. Simama juu yake. Panga kwa tarehe, tazama. Vuruga, panga kwa swali, tazama tena. Tafuta kinachojirudia bila wewe kukusudia. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichora vibanda vya mama lishe aligundua sakafuni kwamba kwenye kila mchoro alikuwa amechora ndoo ya maji karibu na miguu ya mpishi, ingawa swali lake lilihusu mapaa. Utafiti wake ukahamia kwenye maji, na ukawa bora.

9. Andika sentensi mbili kwa kila mchoro utakaoubakiza.

Ya kwanza ianze na "Kabla ya kuchora nilidhani…" na ya pili na "Baada ya kuchora naona…". Kama sentensi zote mbili zinasema jambo moja, mchoro huo usiuweke kwenye ripoti, hata ukiwa mzuri. Unaobaki uweke karibu na maneno yanayouhusu, si kwenye viambatisho vya mwisho ambako hakuna anayefika. Chini yake andika ulichorwa wapi, lini, kwa muda gani, na zile herufi N, A, D ziachwe zionekane. Chapa ukurasa wote pamoja na mikunjo yake, usikate pembe.

Mambo yakikwama

*Michoro yangu yote inafanana.* Swali lako limekwisha jibiwa na hujakubali. Rudi hatua ya kwanza uandike jingine.

*Nachora vizuri, watu wananisifu, lakini sina la kuandika.* Hili ni tatizo la waliosomea sanaa, na ni gumu kuliko la wasiojua kuchora. Mkono wako umezoea kupendeza. Kwa wiki mbili chora kwa mkono usiouzoea, au kwa kalamu tu, na kwa hatua ya nne peke yake: mikato, mishale, vipimo. Hakuna atakayesifu.

*Naona aibu watu wakinichungulia.* Anza na vitu vya nyumbani kwenu: mbuzi ya kukunia nazi, kitasa, jiko la mkaa. Baada ya siku tano toka nje asubuhi mapema. Aibu hupungua mara tu mtu wa kwanza anapokusahihisha na wewe ukamshukuru.

*Sina ruhusa ya kukaa mahali pale.* Kuna majengo ya serikali, bandari na kambi ambako kuchora kunaweza kukuletea matatizo sawa na kupiga picha. Usibahatishe. Beba barua ya chuo chako na uanzie kwa sheha au ofisi ya mtaa.

*Jengo ninalolitafiti limeharibika au halifikiki.* Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, iliporomoka Desemba 2020, na aliyekuwa anaitafiti hakuweza kuingia. Chora kwa kuambiwa. Kaa na mtu aliyefanya kazi pale, chora anavyosimulia, mwonyeshe kila baada ya mistari michache, mwache asahihishe. Kila alama kwenye ukurasa huo itakuwa A, na hiyo si kasoro maadamu umeiandika.

*Msimamizi anasema huu si utafiti.* Usibishane kwa maneno. Mpelekee michoro mitatu ya jambo moja kwa mfuatano: wa kumbukumbu, wa mbele, na ule wa kukata kwa msumeno, pamoja na sentensi zake mbili mbili. Mweke kidole kwenye ule mti wa katikati na umuulize ubawa upi hufunguliwa kwanza. Kisha mpe penseli.